Sinywi, na rafiki yangu ataka nimwendeshe kwenye mashamba ya mvinyo Toscana

Asalaam aleikum mama, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Sasa naishi Munich, Ujerumani, ambako nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Nina rafiki, nimwite Neema ingawa si jina lake, mwenyeji wa Dodoma. Tulikutana darasa la Kijerumani, sote wageni, sote hatujui hata kununua tiketi ya treni. Nilipofiwa na baba yangu nikakosa ndege ya kuwahi maziko, yeye ndiye aliyehamia kwangu, akapika, akapokea simu za ndugu ambazo sikuwa na nguvu ya kuzipokea. Ramadhani hunifuturisha. Yeye ni Mkristo na nguruwe anakula, lakini nyumbani kwake kuna sufuria na kisu vyangu, mtu mwingine havigusi. Nakueleza haya, mama, ili ujue simlalamikii mtu mbaya.

Neema anafanya kazi kwenye mgahawa wa hoteli na anasomea mambo ya mvinyo, yaani kumshauri mteja chupa ipi iende na chakula kipi. Mwishoni mwa Septemba tumepanga safari ya wiki moja kwenda Italia kwa gari langu. Tutavuka Austria kwa njia ya Brenner, tutalala Verona, kisha tutateremka Toscana. Mimi tangu zamani natamani kuiona miji yenyewe: Siena na ule uwanja wake wa Campo, San Gimignano na minara yake, Pienza. Nimesoma sana habari zake usiku nikiwa zamu. Mvinyo nilijua upo, lakini nilidhani utakuwa jambo la pembeni.

Mwezi uliopita akanitumia ratiba. Chianti, mashamba mawili ya kuonja. Montalcino, siku nzima. Montepulciano, maghala ya chini ya ardhi. San Gimignano ambako mimi nilitaka minara, kumbe kuna mvinyo mweupe ambao naye anautaka. Chini akaandika, "Wewe hunywi, kwa hiyo dereva tunaye. Tumebahatika!" Nikamjibu kwa kicheko, lakini moyoni niliumia. Leseni yake ameipata mwaka jana na barabara za milimani anaziogopa, kwa hiyo najua gari lote ni juu yangu.

Mama, mimi tangu madrasa nimefundishwa kwamba si kunywa tu. Kuketi kwenye meza inayozungushwa mvinyo kumekatazwa, na hata anayeubeba amelaaniwa. Sasa Neema anataka kurudi na makasha kwenye buti la gari langu. Pia tumekubaliana kuwa na mfuko mmoja wa safari, kila mtu aweke sawa, na humo ndimo tulipe petroli, malazi na chakula. Chakula cha jioni kikija na chupa, nusu ya chupa hiyo nimeinunua mimi.

Nilimgusia mama yangu kwenye simu. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mwanangu, unakwenda kutafuta nini huko?" Nikakosa jibu. Dada yangu anasema nivunje safari. Wenzangu wa kazini, Wajerumani, wanasema kunywa juisi tu, tatizo liko wapi? Baba yake Neema analima zabibu Hombolo, kule Dodoma, kwa hiyo labda kwake mvinyo ni kama chai kwetu. Kwangu si chai.

Januari Neema anahamia Hamburg kikazi, na sijui lini tutapata tena wiki nzima ya pamoja. Malazi ameyalipia amana, na mwisho wa kughairi bila kukatwa ni mwezi ujao. Niende nivumilie? Nimwambie aende peke yake? Au nimwombe abadilishe safari yote? Naogopa ataniona ninamhukumu, mtu ambaye hajawahi kunihukumu hata mara moja.

Dereva Asiyekunywa, Munich

*

Waalaikum salaam mwanangu, na marahaba. Kwanza pole kwa msiba wa baba. Kukosa kumzika mzazi kwa sababu ya ugenini ni jeraha linalokaa, na nimelisoma kwenye barua yako hata pale ulipolipita haraka.

Nikikuelewa vizuri, suala la kunywa umekwisha kulimaliza, na hakuna anayekusukuma ulivuke. Unachouliza ni umbali gani unaweza kumsindikiza rafiki kwenye jambo usiloshiriki, bila kuiumiza dini yako na bila kumuumiza yeye. Wenzako wa kazini hawalioni kwa sababu wanadhani mpaka wako uko kwenye glasi. Dada yako naye anaona njia moja tu ya kuulinda. Wewe umekaa katikati, na katikati hapo pagumu kweli.

Tuanze na neno lile lililokuuma: "dereva tunaye". Umelisikia kama dharau. Inawezekana. Lakini hebu litazame na sheria za Italia kando yake. Dereva wa kawaida huko haruhusiwi kuzidi nusu gramu ya kileo katika lita moja ya damu, na aliye na leseni chini ya miaka 3 haruhusiwi hata chembe. Neema, kwa leseni yake ya mwaka jana, akionja kijiko hawezi kushika usukani. Mtu anayesomea kazi hii analijua hilo, kwa hiyo huenda alipoandika "tumebahatika" alikuwa anashusha pumzi tu. Hilo halifuti maumivu yako. Kuhesabiwa bila kuulizwa kunaudhi hata kama anayekuhesabu anakupenda, na una haki ya kumwambia hivyo. Ninachokuomba ni usiende kwenye mazungumzo hayo ukiwa umeshaamua kwamba alikudharau.

Na mzigo wa uendeshaji wenyewe ni jambo la kujadili, dini au si dini. Barabara ya 222, ile wanayoiita Chiantigiana, kutoka Florence kupita Greve na Castellina hadi Siena, ni kona juu ya kona, na anayeendesha huiona lami kuliko vilima. Ongeza kwamba miji mingi ya kale ina maeneo yenye kamera ambamo gari la mgeni halitakiwi kuingia. Faini hufuata namba ya gari hadi nchini kwake, miezi baadaye, na gari ni lako. Asubuhi kabla ya kuonja chochote Neema anaweza kuendesha sehemu zilizonyooka. Umemwuliza? Au nawe umeamua kwa niaba yake kwamba hawezi?

Sasa nije kwenye sentensi uliyoiandika kama kwa kupita: baba yake analima zabibu Hombolo. Mwanangu, mimi ningesimama hapo.

Zabibu za Dodoma zilianza kupandwa na wamisionari katikati ya karne iliyopita, na kwa hali ya hewa ya kule mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Wengi wa wakulima hao ni wadogo. Zabibu ikiiva haingoji, na mnunuzi asipofika kwa wakati, bei inakuwa yake si ya mkulima. Neema amekulia ndani ya shughuli hiyo. Kisha fikiria anakokwenda. Mipaka ya Chianti iliwekwa kwa amri ya mtawala Cosimo III wa ukoo wa Medici mwaka 1716, na hadi leo chupa ya Chianti Classico hubandikwa jogoo mweusi kuthibitisha zabibu zilitoka wapi. Brunello, mvinyo wa Montalcino, hutengenezwa kwa zabibu za aina moja tu, Sangiovese, na sheria hairuhusu iuzwe kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Kwenye vilima vile mkulima hauzi zabibu kwa kilo, anauza jina la mahali, na jina hilo lina sheria inayolilinda. Binti wa mkulima wa Hombolo akisimama mbele ya shamba la namna hiyo, huenda anachokitazama ni swali la maisha ya baba yake, kwamba kwa nini hapa hivi na kwetu vile.

Simjui Neema, na pengine nimekosea kabisa, pengine anataka tu kustarehe baada ya mwaka mgumu wa kazi, na hilo nalo si kosa. Lakini kwenye barua yako yote sioni mahali ulipomwuliza kwa nini mashamba haya, kwa nini sasa. Kujua hakutahalalisha chochote kwako. Ila kutakusaidia kujua anachokihitaji ni kipi hasa, maana anayetaka kuona mizabibu, mapipa na namna wakulima walivyojipanga hahitaji rafiki yake aketi naye mezani saa nzima. Na mtu wa taaluma yake huwa anaonja na kutema kwenye chombo maalumu. Siku ya kazi kwake si lazima ifanane na ile unayoiogopa.

Dhana nyingine ningependa tuiguse taratibu: kwamba miji ni yako na mvinyo ni wake. Kule mambo hayo yamefumwa pamoja. Montepulciano maghala yamechimbwa chini ya majumba yenyewe. San Gimignano, iliyokuwa na minara 72 wakati familia za matajiri zikishindana kwa urefu, leo imebaki na minara kama 14, na Vernaccia yake, ule mvinyo mweupe, ndiyo iliyokuwa ya kwanza Italia kupewa hadhi ya jina linalolindwa, mwaka 1966. Mwishoni mwa Septemba ni msimu wa mavuno, utaiona zabibu barabarani kwenye matrekta na kuinusa hewani. Ikiwa moyo wako unataka safari isiyo na harufu hiyo kabisa, basi afadhali ujue sasa kwamba Toscana wakati huo si mahali pake, na umwambie mwenzako kabla ya tarehe ya kughairi. Hilo nalo ni jibu halali.

Lakini pia ardhi hiyohiyo ina mengi yasiyo ya kileo. San Gimignano wanalima zafarani. Pienza, mji ambao Papa Pius II aliujenga upya kuanzia 1459 kwa sababu alizaliwa pale, unasifika kwa jibini ya maziwa ya kondoo. Mashamba mengi ya mvinyo yana mizeituni pia, na wapo wanaoonjesha mafuta ya zeituni kwa umakini uleule. Siena wana keki ngumu iitwayo panforte, lozi na asali na mdalasini na karafuu, na mtu wa Tanga akiitia mdomoni hatahitaji kuelezwa viungo. Na jambo ambalo labda hukuwa unalijua: Colle di Val d'Elsa, mji mdogo ulio kati ya Siena na San Gimignano, una msikiti uliojengwa rasmi kuwa msikiti na kufunguliwa mwaka 2013. Ijumaa yako inaweza kuwa hapo. Mji huohuo ni maarufu Italia nzima kwa glasi za kristali, kwa hiyo Neema naye hatakosa cha kutazama wakati ukiswali.

Hebu tuzipitie njia zako, kila moja na gharama yake.

Unaweza kugawa baadhi ya siku. Kutoka Siena na Florence kuna magari madogo yanayochukua watu kwenda kuonja na kuwarudisha. Neema akapanda, wewe ukabaki Siena. Siku moja Siena haitoshi, nakuhakikishia. Ndani ya Palazzo Pubblico, pale Campo, kuna michoro ya ukutani ya Ambrogio Lorenzetti ya 1338 na 1339 inayoonyesha mji na mashamba chini ya utawala mwema na chini ya utawala mbaya. Mimi ningeikalia asubuhi nzima. Kisha kanisa kuu, ambalo walitaka kulipanua liwe kubwa ajabu, tauni ya 1348 ikaingia, na ukuta wa upanuzi huo umesimama hadi leo bila kumalizwa. Kwa njia hii buti halibebi kitu na meza hukai. Hatari yake ni kwamba siku mbili za namna hiyo ni nafuu, siku nne mnakuwa watu wawili waliokodi chumba kimoja. Na yale magari si ya bei ndogo. Mnapaswa kujua nani analipa.

Unaweza kwenda naye hadi mahali fulani na kusimama. Utembee shambani, uingie kwenye ghala la mapipa, usikilize maelezo, kisha yeye akienda mezani wewe ukatoka nje. Hapa lipo suala la dini, na hilo sitakuamulia. Mimi si mwanachuoni. Mtafute sheikh au mwalimu unayemwamini na umweleze hali yenyewe kwa kina: kuendesha gari kumpeleka mtu, kuketi meza moja au meza ya jirani, chupa iliyofungwa ndani ya buti, fedha iliyochanganyika. Ni mambo manne tofauti na huenda majibu yake yasilingane. Ukishapata jibu, lichukue kama lako. Usimpelekee Neema ukisema "sheikh amekataza" kana kwamba wewe ungependa ila umezuiwa. Hatari ya njia hii ni uso. Ukikubali kwa mdomo na moyo umekataa, uso utasema siku nzima, naye atakuwa anaonja huku anaona haya.

Kuhusu makasha, mashamba mengi hutuma mzigo hadi Ujerumani nyumbani kwa mnunuzi. Kuna gharama, nayo ni ya mnunuzi. Kuhusu mfuko, hakuna kinacholazimisha uwe mmoja kwa kila kitu. Petroli, ushuru wa barabara na vitanda viende pamoja, vinywaji kila mtu chake. Mgahawani semeni mapema kwamba mnataka hesabu mbili. Na chakula kichunguze: nguruwe pori na nyama za kukausha za nguruwe ziko kila mahali, michuzi mingi hupikwa kwa mvinyo, na hata supu ya maharage na mkate iitwayo ribollita wengine huitia nguruwe. Pici, tambi nene za Siena, kwa mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu, zinaweza kukupitisha jioni nyingi, ila uliza kwanza.

Unaweza pia kutokwenda, au kuomba safari nyingine. Sitakuambia huo ni woga. Kuna watu ambao amani yao inahitaji umbali huo, na urafiki wa kweli haukai juu ya wiki moja. Ombi langu ni moja tu hapa: usitafute kisingizio cha zamu kazini. Neema anakujua. Atagundua, na atakachokumbuka Hamburg si Toscana aliyoikosa bali kwamba hukumwamini kiasi cha kumwambia ukweli.

Umeorodhesha wema wa Neema mwanzoni kabisa, msiba, futari, sufuria, kabla hujasema shida yako. Nahisi unajiona una deni, na kwamba kumwambia "hapana" kwenye jambo analolipenda ni kumnyima malipo. Sidhani alikuwa anakukopesha. Na tazama lile la sufuria. Huyu ni mtu ambaye aliusikia mpaka wako mmoja, akautengea kabati jikoni kwake, na hajawahi kukuona unamhukumu kwa kile anachopika kwenye sufuria nyingine. Kwa nini basi una hakika kwamba mpaka huu wa pili ndio utakaomuudhi? Mimi sioni sababu hiyo kwenye barua yako. Ninachokiona ni kwamba mpaka wa kwanza uliutamka na huu bado.

Mkae ana kwa ana, isiwe kwa ujumbe wa simu, maana kicheko ulichomtumia kimemwambia kwamba yote ni sawa. Anza na unachokitaka kabla ya usichokitaka: kwamba unataka kwenda naye, kwamba miji hii umeiota miaka. Kisha mtajie yanayokukaba, buti, meza, mfuko na usukani, na mwache naye aseme lipi kwake haliwezi kuachwa. Pengine ni Montalcino tu, na mengine aliyajaza kwa sababu hukusema neno. Mwulize pia habari za Hombolo na za baba yake. Na lile swali la mama yako, unakwenda kutafuta nini, lijibu kwanza wewe mwenyewe kabla hujaketi na Neema. Ni swali zuri, wala halikuulizwa kwa ukali.

Tarehe ya kughairi iwe ndiyo inayokusukuma kuongea, isikusukume kuamua usiku mmoja. Ukishaonana naye niandikie tena, hata kama mazungumzo hayakwenda ulivyotaka.